Nilivyofika kwa Mkwe Bila Shuka

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi, na hata leo nikiikumbuka niko peke yangu shambani najikuta nimefunika uso kwa mikono, mtu mzima mimi.

Ilikuwa baada ya vita vya maji kutulia. Askari wa Mdachi walichoma maghala yetu Newala, mke wangu Somoe akakimbia na mama yake hadi bondeni, wakajificha kwenye kisiwa kidogo katikati ya Ruvuma, mchanga na matete tu, mahali ambapo askari hana la kwenda kufanya. Mimi nilikamatwa nikabebeshwa mizigo, na nilipoachiwa nikakuta nyumba majivu. Nilimtamani Somoe, sisemi uongo. Nilitamani hata ugomvi wake. Siku nilipopata habari kwamba yuko kisiwani nilishuka mteremko bila kula.

Mwenye mtumbwi pale mtoni alikuwa mvuvi mmoja, Chilumba. Akaniambia, "Kaa hapa, ndugu yangu. Nikimaliza kusuka mgono wangu wa kutegea samaki natangulia, nimwambie mkweo ajitenge, kisha nakufuata."

Desturi yetu mnaijua: mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso, na ukienda kwao unatuma mtu mbele ili mama apate kujiweka kando. Lakini ule mgono ulikuwa hauishi, na moshi wa kisiwani nauona kwa macho yangu, labda ni Somoe anapika! Chilumba alipoingia kichakani kukata fito, nikausukuma mtumbwi majini.

Sasa mimi ni mtu wa juu, na kwetu Newala maji ni kitu kinachopanda mlima ndani ya mtungi, kichwani mwa mwanamke. Nilisukuma kwa ule mti mrefu wa upondo huku, mtumbwi ukaenda kule, ukazunguka mara mbili (kiboko mmoja akatoa macho, nadhani alinihurumia), mara nikaona maji miguuni, kumbe udongo uliozibia tundu umebanduka. Nikaziba kwa kisigino, wapi. Nikainama kuziba kwa mkono, upondo ukanitoka ukaenda zake na mto. Basi nikavua shuka, shuka yangu pekee, nikaisokomeza tunduni, nikaikalia, nikawa napiga maji kwa viganja huku nikilia, "Somoe! Somoe, nakufa!"

Mwanamke akatoka kwenye matete mbio, akaingia majini hadi kiunoni, akaushika mtumbwi akauvuta mpaka mchangani, na mimi nikasimama nimefungua mikono kumkumbatia mke wangu.

Alikuwa mama mkwe.

Sijui nani alipiga kelele kwanza. Yeye alijifunika uso akatimua mbio, mimi nikaruka majini nikazama hadi shingoni, kiboko au si kiboko. Wanawake wa kisiwani wakaja kutazama, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mwishowe Somoe akaja ukingoni. Alikuwa amekonda. Akanitupia kipande cha kaniki, machozi yakimtoka, na mpaka leo sijui kama yalikuwa ya kicheko tu.

"Twende nyumbani," nikasema, nikiwa bado majini.

"Nitakwendaje? Mama yumo kibandani, hasemi, hali. Kalete kuku na unga, mume wangu, Chilumba atuombee radhi kwake. Siku hiyohiyo nafuatana nawe."

"Nikikosa kuku?"

"Utampata. Nakungoja."

Kuku! Nani alikuwa na kuku mwaka ule? Askari walikula hata wanaotamia. Nilizunguka Newala, nikaenda hadi Masasi, mwishowe nikamlimia mtu shamba kule Makote miezi miwili ndipo akanipa unga kidogo na kuku mmoja, amekonda kama mimi. Nikashuka naye bondeni nimemkumbatia, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza.

Safari hii nilifanya vizuri. Nilimsalimu Chilumba kwa heshima, nikamwomba atangulie, nikakaa ukingoni kama mkwe mwenye adabu, shuka nimeifunga mafundo mawili.

Akarudi na kuku wangu. Mto ulikuwa umekula nusu ya kisiwa, akasema, na watu wote wamevuka kwenda kwa Mreno. Aliwakuta wavuvi wa ng'ambo wakiokota fito za vibanda. "Wanasema mkeo ndiye aliyekuwa wa mwisho kupanda mtumbwi. Alikuwa anatazama huku."

Siku ile niliapa sitaingia tena kwa mtu bila kutuma habari mbele, na kiapo hicho nimekishika. Nimevuka mara tatu kumtafuta, na kila kijiji cha kule nimekaa nje, nikatuma mtu aulize kwanza kama yupo mama mmoja na binti yake Somoe, ili mama apate kujitenga. Huwa nakaa hapo mpaka jua linashuka, nikitamani nimwone mwanamke mmoja tu akiinuka na kunikimbia.