24-70 au 24-105? Nilivyoipata picha ya Bibi akicheka

Wakuu, salamu zenu kutoka Msambweni. Kazi yangu ni kutunga hadithi, lakini hapa situngi kitu. Mambo yalikuwa hivi hivi.

Wengi humu mnauliza: kwa picha za familia, zile za kuwanasa watu katika hali zao bila kuwapanga mstari, nichukue lenzi ipi ya standard zoom, ile ya kuvuta karibu na mbali? 24-70 yenye f/2.8, au 24-105 yenye f/4?

Mimi nilizitumia zote mbili katika nyumba moja, kwa ajili ya mtu mmoja.

Dada yangu Mejumaa alikuwa amepata kazi Doha. Safari ilipokaribia aliniomba kitu kimoja tu.

"Kaka, nipatie picha ya Bibi akicheka. Hizi zote tulizo nazo amekaa kama anayesubiri kuitwa na chifu."

Ni kweli. Bibi yetu anaweza kuuchekesha mtaa mzima, lakini akiiona kamera hukaza shingo, huvuta leso mpaka kwenye paji la uso, huweka mikono mapajani na kuacha kupumua. Kwake kila picha ni ya kitambulisho, na mbele ya serikali hakuchekwi.

Nikaenda Ukunda kwa rafiki yangu Juma, mpiga picha za harusi. Akaniazima lenzi zote mbili. Nitakayoipenda aniuzie, nyingine nimrudishie.

"Ila usiniletee mchanga wa Diani ndani yake," akanionya.

Siku ya kwanza nilifunga 24-105.

Wakuu, lenzi hii niliipenda kwa dhati. Nilisimama pembeni mwa ua, nikavuta mpaka 105, nikawa karibu na kila mtu bila kuhama. Juani kule f/4 inatosha na kubaki. Nina picha ya watoto wa mjomba wakirushiana maji bombani, matone yamesimama hewani kama shanga zilizokatika uzi. Mpaka leo nikiiangalia nasikia kelele zao.

Bibi alikuwa barazani akichambua kunde. Nikajibanza nyuma ya leso zilizoanikwa kambani, nikamlenga.

Akainua uso pale pale.

"We mume wangu! Mbona unanivizia kama mwizi wa kuku? Njoo useme unachotaka!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Yeye mwenyewe alikuwa ameshavuta leso na kukaza shingo.

(Kwa ndugu zangu wa bara: huku kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na wa kike ni mke mwenza wake. Ni utani, na haufi mpaka mtu afe.)

Nilirudi ndani nimeshindwa. Nilidhani picha ya kweli hupatikana kwa kujificha. Kwetu mtu akijificha, watu hujiuliza amefanya nini.

Kesho yake Bibi aliamua kumpikia Mejumaa wali wa nazi wa kumuaga. Nikajua nafasi ndiyo hiyo. Nyingine sikuwa nayo.

Jiko la Bibi ni la makuti na kuta za udongo. Dirisha halina. Mwanga unaingia kwa mlango tu, unamgusa mtu shavu moja na kuliacha la pili gizani.

Nilijaribu kwanza na 24-105 kutoka mlangoni. Stabilizer, kile kizuia mtikisiko cha lenzi, iliutuliza mkono wangu, lakini haikuweza kuutuliza mkono wa Bibi. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na kwenye picha mkono wake ukatoka kama moshi.

Nikafunga 24-70. Ni nzito, shingo yangu ni shahidi. Lakini kwa f/2.8 inapokea mwanga mara mbili ya ile ya f/4, na mkono ule ukaonekana hadi mishipa yake. Shida ni kwamba 70 haifiki mbali. Lazima usogee.

Basi nikapiga hodi, nikaamkia shikamoo, nikavuta kigoda. Mejumaa alikuwa humo akikamua tui; nami nikapewa nazi nivunje. Kamera nikaiweka mapajani, ionekane. Baada ya muda hakuna aliyeijali.

"Mke mwenzangu," Bibi akamwambia Mejumaa, "wewe nenda zako Doha. Mume huyu nabaki naye mimi."

"Mchukue, Bibi. Kuni hajui kupasua."

"Na nazi je? Tazama, maji yote kamwaga!"

"Ndiyo maana nakuachia."

"Ala! Basi nenda naye wewe! Mimi nitatafuta mwengine, kijana, mwenye meno yote!"

Akacheka. Kichwa kilirudi nyuma, leso ikateleza mabegani, misuko yake myeupe ikapata mwanga wa mlango. Nikabonyeza.

Akausikia mlio.

"Umenipiga kichwa wazi?"

Nikampa kamera mkononi. "Ukisema nifute, nafuta sasa hivi, Bibi."

Mejumaa alisimama, mikono yake ikichuruzika tui, akatuangalia.

Bibi akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Nimefanana na mama yangu," akasema taratibu. Kisha akapandisha leso kichwani. "Usifute. Lakini ni ya mke mwenzangu peke yake. Asiione mwanamume mwengine. Mimi ni mke wa mtu."

Kwa hiyo, wakuu, 24-70 imebaki kwangu. Kama familia yako hukaa uani au ufukweni, 24-105 ni lenzi nzuri sana na haitakuangusha. Lakini wazee wetu maisha yao yako jikoni na vyumbani, kwenye mwanga haba, na huko f/2.8 haina mfano. Tena ile 70 itakulazimisha upige hodi na ukae. Hiyo nayo ni faida.

Najua mtaniandikia "weka picha". Siweki. Ilichapishwa moja tu, nikaifuta kwenye kamera, na hiyo moja imesafiri ndani ya mkoba wa Mejumaa.

Nyinyi wazee wenu mnawanasaje, na kwa lenzi gani? Hasa wale wa kukaza shingo. Nitasoma kila jibu.

Jana Bibi aliniuliza: "Mume wangu, mke mwenzangu huko ananitazama?"

Nikamwambia anamtazama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Akacheka tena vile vile. Kamera ilikuwa chumbani, na sikuinuka kuifuata.