Mlango Ambao Zaituni Hakuugonga

Idrisa mwanangu, weka hiyo simu chini unisikilize. Toka asubuhi nakutazama unavyocheza huo mchezo wako wa askari magereza. Mfungwa akipaza sauti unamnyima chakula, mstari wa utulivu kwenye kioo unapanda, nawe unacheka. Jumatatu unaondoka hapa Chanika kwenda chuo cha askari, na unaniambia eti umeshaanza mazoezi! Mazoezi ya nini, we mtoto?

Mie shangazi yako kazi hiyo nimeifanya mpaka nikastaafu, na kuna siku moja sijaweza kuisahau. Nilikuwa mgeni kazini, gereza la wanawake. Afande aliyekuwa mkubwa wetu hakupenda kelele hata kidogo. Wafungwa wakigonga mlango baada ya kufungiwa jioni, kesho yake selo nzima haipati uji. Wakigonga tena, wananyimwa na maji ya kuoga. Akazidisha adhabu mpaka pakawa kimya. Wageni wakija anawatembeza kwenye korido, anawaambia, "Mnasikia? Shwari." Basi wanampa hongera.

Humo ndani alikuwamo mama mmoja, Zaituni, aliyefungwa akiwa ananyonyesha, kwa hiyo mwanawe alikuwa naye. Jioni moja tulipokwisha kufunga milango, mtoto akashikwa na homa. Wenzake Zaituni, kama nilivyokuja kuhadithiwa baadaye, wakamwambia, "Dada, usigonge, tutanyimwa uji wote, na humu kuna mwenzetu mjamzito." Akawa anamkanda kwa kitambaa cha maji. Mie nilikuwa zamu, nimekaa karibu kabisa na mlango wa selo yao, na zahanati iko ng'ambo ya uwanja tu. Sikusikia kitu. Asubuhi nilipofungua, Zaituni alinipa mtoto mikononi, kashakuwa wa baridi.

Akaniuliza, "Ningegonga, ungefungua?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa mbona sie hatukulijua hilo?"

Afande alipokuja, cha kwanza aliuliza kama kuna aliyepiga kelele. Hakuna. Akasema basi zamu ilikuwa shwari. Na cheo akapanda! Nilimchukia mtu yule, Idrisa, na namchukia mpaka leo. Mungu anisamehe, lakini sijutii.

Sasa usinitolee macho. Juzi hapa nani alikuwa analia, mashine yake ya kutotolesha vifaranga imempikia mayai? Wewe mwenyewe ulipoiunda ulinieleza, ukajiona mwalimu. Ulisema mashine haijui joto, inajua kile inachoambiwa na kipimajoto. Inauliza, joto limefika? Halijafika, inawasha taa. Limefika, inazima. Kisha inauliza tena, haichoki kuuliza. Nikakusifu, nikasema mtoto wa kaka yangu ana akili. Juzi kipimajoto kikachomoka, kikaning'inia nje penye upepo, kikawa kinasema baridi, baridi. Mashine ikawasha taa, ikaendelea kuwasha, na ndani mayai yanaiva. Ungeitazama kwa nje ungesema inafanya kazi vizuri mno.

Mlango ule wa selo ndio uliokuwa kipimajoto chetu, na Afande alikichomoa kwa mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo shangazi, wapige kelele tu, tuwaache?"

Nani kasema muwaache? Loo! Wakipigana, amua. Aliyekosa mwadhibu kwa kosa lake, kisha uache, maana hata taa yako huzima joto likifika. Lakini mtu akigonga kukuambia kuna shida, usimwadhibu kwa kugonga. Ukifanya hivyo mara moja tu, watajifunza selo nzima, na kuanzia hapo hutaambiwa kweli tena. Ukikuta kimya usijisifu. Inuka, nenda mlangoni, uliza mna hali gani. Wakisema salama, uliza mgonjwa yuko wapi. Leo uliza na kesho uliza, hata kama mkubwa wako anakucheka. Huo mchezo wako hauna mahali pa kuuliza, nimeutazama. Una kitufe cha kunyima tu.

Haya, nenda mwanangu. Mola akulinde huko uendako, akupe masikio kabla hajakupa cheo. Akuepushe na kukabidhiwa mlangoni nilichokabidhiwa mie. Na zamu yoyote utakayoshika, mama mwenye mtoto mgonjwa asiogope kukugongea.