Askari aliyevua buti kwenye sala iliyopigwa marufuku, Bukoto

Makofi ndiyo niliyoyasikia kwanza, wakuu. Mepesi, ya ncha za vidole, kama mvua inayoanza kugusa bati.

Salamu kwenu nyote. Haya niliyaona mwenyewe na sijayatia chumvi.

Ilikuwa Kampala, miaka ya sabini, chini ya wanajeshi. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba kwenye flat ya Mama Akello, mjane wa polisi. Nilikuwa naandika riwaya, na dictionary ya Kiingereza naisoma kama wengine wanavyosoma magazeti.

Serikali ilikuwa imepiga marufuku madhehebu mengi madogo, la Mama likiwemo. Ukikutwa unasali huko unapandishwa gari, na nyumbani hawajui wakuulizie wapi.

Lakini kila Jumapili alasiri wanawake wachache walikuja sebuleni kwake, wakaacha viatu mlangoni, wakasali pekupeku wakipiga makofi. Ndiyo ilikuwa desturi yao.

Siku hiyo nilitoka chumbani kusikiliza. Mara mlango ukasukumwa. Askari, Mnubi, bunduki begani. Makofi yakakatika.

Akatazama ile safu ya viatu. Kabla ya kusema lolote akainama, akavua buti. Yeye ni Mwislamu, kama Wanubi wengi. Kwake, viatu mlangoni maana yake kuna dua ndani. Nadhani mikono ilikumbuka kabla ya kichwa.

Ndipo akaona Biblia.

"Mama, hii dini gani?"

Nikajitosa mimi. "Afande, hii ni heterodox tu. Si heresy."

"Wewe sebo, bwana mkubwa, Kizungu yako peleka shule. Mimi nauliza mama."

Mama Akello hakuinuka. "Ni ile walikataza, mwanangu. Siwezi kudanganya nikiwa kwa maombi."

Wote tulikuwa tunaangalia chini, na chini kulikuwa na kidole chake kikubwa kimetokeza kwenye soksi.

"Soksi imetoboka," Mama akasema. "Bibi yako uliyeoa iko wapi?"

"Iko Arua." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Sawa, omba. Lakini makofi acha. Gari yetu iko hapo chini."

Wakuu, tangu siku ile sijawahi kuyachanganya hayo maneno. Orthodox ni imani iliyozoeleka na kukubalika. Heterodox ni iliyo tofauti nayo, basi, haina kosa lolote. Heresy inahitaji mtu wa kukuhukumu kwanza. Na sebuleni kwetu, aliyepewa kazi ya kuhukumu alikuwa amesimama na soksi.

Nililojifunza ni kwamba tofauti ya maneno hayo haiko kwenye imani ya anayesali. Iko kwa anayesimama mlangoni.

Mlioishi enzi hizo, semeni: mngemwambia nini mtu kama yule?

Yule askari alikaa kizingitini akafunga kamba za buti, akasema "amina" ambayo hakuna aliyemwomba, akatoka, akaurudisha mlango taratibu nyuma yake.