Jina Aliloliandika Mwalimu Ulamila

Mwalimu Ulamila alizaliwa kwetu, kisiwani Kadavu, na akazikwa kwetu. Alitufundisha kusoma karibu sote, lakini kulikuwa na neno moja lililomtia haya maisha yake yote: jina la ghuba iliyo mbele ya shule.

Katikati ya ghuba pana fungu la mchanga. Maji yakitoka unatembea juu yake, yakijaa hulioni. Zamani babu mzaa babu yake Ulamila aligombana na mkewe Mereani, akamwacha pale maji yakijaa, akarudi na mtumbwi peke yake. Akaoa mwingine, ndiko alikotoka Ulamila. Watu wakaiita ghuba hiyo Alikoachwa Mereani.

Wapima ramani walipokuja, Ulamila alikuwa na miaka ishirini na miwili, na ni yeye tu aliyejua Kiingereza. Waliuliza jina la ghuba. Bibi Sainimere, wa ukoo wa Mereani, akalitamka polepole. Ulamila akashika kalamu, akaandika: Ghuba ya Samaki Wengi.

"Umeandika vizuri, mwanangu?"

"Nimeandika, bibi."

"Mungu akuzidishie. Sasa marehemu wetu hatapotea."

Baada ya miaka mitatu ramani ikaletwa shuleni. Bibi Sainimere, asiyejua kusoma, akaomba aonyeshwe. Ulamila akaweka kidole. Bibi akalipapasa lile neno kama anayepapasa uso wa mtoto mchanga. Ulamila akatoka kabla bibi hajamaliza.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikwenda kwa bibi na jino la nyangumi la baba yake, kama anavyofanya mwenye kuomba msamaha. Alitambaa kutoka mlangoni hadi mkekani.

"Bibi, nilikudanganya. Niliandika mengine. Nilimwonea babu aibu."



"Uliandika nini?"

"Samaki Wengi."

"Pale? Hata dagaa hapati mtu!"

Waliokuwapo wakacheka. Ulamila alitamani wangempiga.

Bibi akalipokea jino. "Mimi nimekusamehe. Lakini mimi si Mereani."

Ulamila aliiandikia ofisi ya ramani barua nne. Akajibiwa moja: jina limeshasajiliwa. Basi kila ramani mpya iliyoingia darasani aliikwangua kwa wembe, akaandika jina la kweli kwa wino. Tukimuuliza sababu, alisema, "Kuna mtu alikosea," kisha akatuambia tufungue madaftari.