Siku ya Wanawake Iliyoshuka Ngazi

Siku za wiki Bi Ozella Pettway alipika chakula cha shule, huko Georgia, Marekani. Jumamosi wasichana weusi wa mtaa walikaa sakafuni kwake, vichwa kati ya magoti yake, akiwasuka huku akiwasimulia habari za wanawake weusi ambao vitabu vya shule viliwaruka. Aliwafundisha pia kujibu wakubwa bila kuinamisha uso. Aliyeinama alivutwa nywele.

Keturah, msichana wa miaka kumi na sita, alivutwa mara chache kuliko wenzake. Siku ya Wanawake ya kanisa lao, Jumapili moja kwa mwaka, ilipokaribia, alitaka kuhutubia kanisa kutoka mimbarini, kwa maneno yake mwenyewe. Shemasi Roscoe akakataa. Mwanamke, alisema, husemea chini, kwenye kimeza cha kando ya piano; ndivyo walivyofanya babu zake. Keturah akaapa kwamba pale kimezani hasimami, afadhali anyamaze kabisa.

"Basi tutashuka chini sote, Shemasi," Bi Ozella akasema, kwa upole ambao ungepaswa kumtia mtu hofu.

Jumapili hiyo wanawake, wamevaa mavazi meupe pe, waliteremsha ibada yao mpaka ukumbi ulio chini ya kanisa, penye majiko. Harufu ya kuku wa kukaanga ikapanda ngazi kuwaita waume zao. Wakashuka mmoja mmoja, kila mtu akisingizia kumtafuta mkewe. Roscoe akabaki juu akilinda mimbari isiyotakiwa na mtu, hata tumbo likaishinda imani.

Alipofika mlangoni, Keturah alikuwa ameshaanza, amesimama katikati ya watu. Bi Ozella, mkuu wa wahudumu wa mlango, akamwinulia mkono wenye glavu nyeupe. Enzi hizo mkono ule ukiinuka hapiti mtu mpaka msemaji amalize; ndivyo alivyoagiza Roscoe mwenyewe. Siku hizi watu huingia kanisani wakitafuna, na mlango hauna mwenyewe.

"Ozella, niache nikae. Kuku anapoa."

"Msemaji hajamaliza, Shemasi. Sheria umeiweka wewe."

Keturah akamwona, na badala ya kufupisha akarefusha. Akawataja wanawake waliolijenga kanisa lile kwa kufua nguo za watu, jina kwa jina, bila haraka. Akamfikia bibi yake Roscoe, mama wa baba yake, akamtaja, akapita.

Bi Ozella akashusha mkono. Roscoe hakusogea.

"Mwanangu," akasema kutoka mlangoni, "rudi hapo kwa bibi yangu. Huyo hujammaliza."