Persane ku dépôt ya maharagi

Ku Kimemi, mu Butembo, ukiulizia Luc Muyisa, batu batakuangalia kama mugeni mwenye kushuka sasa hivi ku kamyo ya Kanyabayonga. Lakini sema tu "Coiffeur ya Paka", utaona! Hata mutoto ya maternelle atakushika mukono akufikishe mpaka ku mulango ya dépôt ya maharagi.

Ile jina ilikuya siku moya tu. Asubui, Muyisa, mwanaume ya kilo makumi munane na tano, ndevu uso yote, alikaa inje ku kiti ya plastique. Paka ku magoti. Peigne ya pink ya dada yake mu mukono, anamuchana. Na anaongea pole pole kabisa: "Geuka, chérie. Tumbo sasa." Hakujua kama Bénite, ule binti mwenye kuuzisha unités za simu ngambo ya barabara, alikuwa anafilime. Bénite akaweka ku statut ya simu yake, na kamuziki ka mapenzi juu. Mbele ya saa sita, motards bote bakipita na pikipiki banapiga kelele: "Coiffeur! Na miye unipangie rendez-vous!" Muyisa akakasirika. Kosa kubwa. Ku Butembo, ukikasirikia jina, donc umeisaini.

Sasa, mwanaume muzima alifika namna gani pale? Pole pole, niko nakuya.

Muyisa anapelekaka maharagi Beni kila juma mbili. Kule alikuwa na kiriya mumoya mwenye kumununulia, Madame Aurélie, mwalimu ya chimie, mutu ya Kananga. Serikali ikamupatia mutation, ahamie kazi Kindu. Na Madame alikuwa na paka, lakini si paka ya hivi hivi. Persane! Nywele murefu rangi ya majivu, macho ya orange kama taa ya kamyo, na uso bapa, pua imeingia ndani kama mutu mwenye alifungiwa mulango ku uso.

"Kaka Luc," Madame alimuambia, macho na machozi, "joto ya Beni inamutesa, ya Kindu itamumaliza. Kwenu Butembo kuko baridi. Unichungie Duchesse."

Akamupatia na karatasi moya, yenye kuandikwa jina ya baba ya paka, ya mama, ya batate na bamukaka mpaka kizazi ya ine.

Mama yake Muyisa, Mama Kyakimwa, njo mwenye dépôt ya kweli. Alivaa miwani, akasoma ile karatasi mara mbili.

"Eee Nyamuhanga! Paka inajua ukoo yake kupita bajukuu zangu! Sasa, iko inakamata panya?"

Pale njo shida ilianzia. Juu kwetu paka si ya kupapasa. Paka ni mufanyakazi. Anaishi na maharagi, mushahara yake ni panya, na hakuna kumulisha, ju banasema akishiba atalala. Mama Kyakimwa akatoa sheria yake mbele ya chargeurs bote, benye kubeba magunia: "Maharagi mupya ya Lubero itaingia mu mwezi wa kwanza. Siku ile, kama paka hayakamata panya, anapanda kamyo, anaenda kwa shangazi yako, ku joto ya Mbau. Na hapana kumupa chakula!"

Muyisa akacheka. Ilikuwa mwezi wa kumi, miezi mitatu mbele yao. Panya moya tu, paka gani itakosa?

Ya kwake ilikosa.

Siku ya kwanza panya ilipita, Duchesse akaiangalia. Siku ya pili ikapita tena, Duchesse akaondoa mukia pembeni ili panya ipate njia. Nakuapia, politesse ya Ulaya kabisa! Siku ya tatu Muyisa akashindwa, akamupatia fretin, tusamaki tudogo, kwa kujificha, akapigia Madame Aurélie simu.

"Madame, huyu mutu yako hafanye kazi!"

"Ndeko, utamutesa bure," Madame akacheka. Akamueleza kama, iko myaka karibu mia ine sasa, batembezi balitoshaka paka za nywele murefu huko Perse, inchi yenye leo inaitwa Iran, bakazipeleka Ulaya. Bazungu bakaanza kuchagua: huyu azale na huyu, wa nywele mingi na wa nywele mingi, wa pua fupi na wa pua fupi, kizazi juu ya kizazi. "Balichagua uso na utulivu. Panya, hakuna mwenye aliulizia. Umuchane kila siku, umupanguse macho na kitambaa na maji ya vuguvugu, juu pua fupi inamuletea machozi. Na chakula uweke mu sahani bapa, mu bakuli uso yake haiingie."

Muyisa alisahau kuchana siku ine tu. Tumbo yote ikajifunga mafundo, paka akafanana na mutambara ya kupangusa kamyo. Ikabidi makasi. Toka pale hakuruka hata siku moya. Na jioni, Duchesse alikuwa anamupandia ku tumbo, anakoroma kama motere ya kusaga fufu, na yule mwanaume mukubwa hasogee hata simu ikilia. Kumupeleka Mbau? Roho yake ilikuwa imeshakatala zamani.

Mu mwezi wa kumi na moya, miujiza. Mama Kyakimwa anafungua dépôt, anakuta panya tatu zimekufa, zimepangwa karibu na balance ya kupimia magunia. Kesho yake mbili. "Nilisema!" mama anaimba. "Njaa ni mwalimu!"

Lakini Muyisa alijua. Jioni moya, saa kumi, alikuwa ameona kishimo pembeni ya mulango, na mwenye kupitia mule: Komanda, paka dume ya Kitsa, jirani mwenye boucherie, muuzaji wa nyama. Sikio moya imepasuka, shingo kama ngumi. Duchesse amelala ku gunia, Komanda anazunguka anamusalimia, na panya ikitokeza tu, pah! Mapenzi na kazi, pamoya.

Siku kamyo ya Lubero ilifika, chargeurs bakashusha magunia, Mama Kyakimwa akamubeba mufanyakazi wake ili amusifu mbele ya batu. Mukono ikasimama ku tumbo.

"Luc. Hii tumbo si ya panya."

Ukweli ukatoka wote, na Kitsa akaitwa, mavazi ya boucherie ingali mu mwili.

"Mama, mwanaume wangu alikosea nini? Kishimo ilikuwa wazi."

"Kwenu mutu anaingiliaka kwa batoto ba wengine mu kishimo?" Halafu akageukia Muyisa, sauti chini. "Donc huyu binti hayakamata hata moya. Sheria ni sheria. Apande kamyo."

Dereva alikuwa anawasha motere, aende njia ya Mbau. Muyisa akasimama mbele ya mulango ya kamyo, kilo zote makumi munane na tano.

"Mama, sawa. Lakini ukimufukuza binti, mukwe atarudi huku kufanya nini? Kuhesabu magunia?"

Mama Kyakimwa akaangalia magunia mupya, akaangalia kishimo, akamuangalia Komanda mwenye alikuwa anajilamba juu ya balance kama mwenye nyumba.

"Kitsa," akasema mwisho, "kwetu mwenye kupatisha binti ya watu tumbo analeta mbuzi. Weye uko na mbuzi?"

"Niko na vichwa vyake tu, mama."

"Basi, huyu kijana wako atalipa mali ya bukwe na mikono. Atafanya kazi hapa kwa bakwe zake. Na binti hatoke mu nyumba yangu, iko na mimba!"

Dereva akaenda peke yake. Banasema Muyisa alilia. Yeye anasema ilikuwa vumbi ya maharagi.

Batoto balizaliwa wane, babili na nywele murefu ya mama na shingo ya baba. Mama Kyakimwa hagawe ovyo: mwenye kutaka moya anakaa chini kwanza, anasema ukoo yake, anaahidi kuchana. Motard mumoya alikosa ku swali ya kwanza.

Na kwenu je? Paka iko mufanyakazi ao mutoto ya nyumba? Mwandike hapo chini, na mafoto. Tena nyiye banaume benye kuchana kwa kujificha, tunabajua: mutoke inje.