Jina Lililorudi Mara Tatu

Saa moja kasoro robo asubuhi, treni imeshaachana na jukwaa na mwanamume wa miaka hamsini na minane bado anapunga mkono dirishani.

“Wenzako husafiri kuoa au kuzika,” mkewe anampigia kelele kutoka jukwaani akicheka, “wewe unasafiri kwa ajili ya jina la mtu!”

“Lingekuwa na miguu, mama watoto, ningeliita lije!”

Pajani ana bahasha. Ndani mna karatasi mbili za rekodi za waandishi: moja ya baba, moja ya mwana.

Kazini wanamwita Fundi Majina. Anatunza rekodi za waandishi elfu arobaini na moja, kwa ajili ya maktaba kumi na mbili zinazotumia orodha moja ya vitabu. Kila mwandishi ana rekodi yake: ni nani, alizaliwa lini, ameandika nini. Kila jioni kompyuta za maktaba zote hupashana habari, na kanuni yao ni moja: aliyesema mwisho ndiye anayeaminiwa.

“Ni kama kikao cha ukoo,” anasema. “Mkikubaliana nani ni nani, mnalala salama. Mmoja akikosea, mmekosea wote.”

Na aliyekosea ni yeye. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, akidaiwa kumaliza majina mia mbili kwa siku. Akakuta mawili yanayolingana herufi kwa herufi, mji mmoja, mchapaji mmoja. Akayaunganisha, akaendelea.

Kumbe walikuwa watu wawili. Baba, mfuga nyuki, aliandika vitabu vitatu, akafariki. Mwana ni mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minne, mwenye kitabu kimoja tu maishani, kurasa sitini na nne, cha kufundisha watoto hesabu kwa vifuniko vya chupa.

Mwalimu huyo alifika maktaba akiwa na mjukuu wake wa kike, aliyekuwa na kazi ya shule kuhusu kitabu cha babu.

“Babu amenidanganya,” binti akashtaki. “Kompyuta inasema kitabu chake kiliandikwa na marehemu.”

Mwalimu akatabasamu. “Baba yangu nampenda. Lakini nyuki walimuuma yeye, vifuniko niliviokota mimi. Nitenganishe naye nikiwa bado hai, mdogo wangu.”

Fundi Majina alitenganisha siku hiyo hiyo. Siku ya tatu asubuhi, baba na mwana walikuwa mtu mmoja tena. Akatenganisha mara ya pili, na ya tatu. Kosa likarudi kama mbuzi anayejua zizi lake. Fundi wa kompyuta akalaumu umeme.

Kumbukumbu za mfumo zilionyesha kwamba badiliko lilitoka maktaba ya kumi na mbili, ndogo kuliko zote, mwendo wa saa tano kwa treni. Akapiga simu.

“Hapa hakuna anayebadilisha kitu,” mkutubi wa huko akamjibu, na kukata.

Sasa Fundi Majina amesimama mbele ya mkutubi huyo. Ni mama wa miaka sitini, miwani imefungwa kwa uzi, na nyuma yake kuna droo za kadi za karatasi ambazo maktaba nyingi zilishazitupa.

“Mara tatu nimefika asubuhi nikakuta jini limevuruga rekodi hii,” mama anasema. “Nami nikairudisha.”

“Dada, hilo jini ni mimi.”

“Wewe?” Anavuta droo, anachomoa kadi. “Haya, soma.”

Wino mwekundu: *Huyu ni mtu mmoja. Asitenganishwe bila saini yangu.* Mwandiko ni wake mwenyewe, wa miaka kumi na mmoja iliyopita, enzi kadi zilipotumwa kwa posta maktaba zote.

Fundi Majina anaketi. Anacheka hadi anafuta macho.

“Kumbe mchawi ninayemtafuta namnyoa ndevu kila asubuhi!”

“Utacheka baadaye. Kata mstari, weka saini. Hiyo kompyuta mimi siijui mama yake, lakini mwandiko wako naujua.”

Anakata. Anaandika kadi mbili mpya, polepole, na kwenye ya mwalimu anaongeza: *yuko hai*.

Hayo yalikuwa mwezi uliopita. Kosa halijarudi.

Mwalimu alikuja Ijumaa iliyofuata, akaandika jina lake kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, akaona kitabu kimoja. “Kinatosha,” akasema, akaenda zake. Mjukuu alisahihisha kazi yake ya shule. Fundi wa kompyuta bado analaumu umeme. Mkutubi wa maktaba ya kumi na mbili anastaafu mwaka huu, na ameandika barua kuomba droo zisitupwe.

Fundi Majina amebakiza miaka miwili kazini. Mpango wake ni kuzifikia maktaba nyingine kumi, tano kila likizo, afungue kila droo iliyosalia na kutafuta wino mwekundu. Mkewe amesema hapungi mkono tena jukwaani. Ameshafungasha.